Bajeti ya sifuri: acheni kunakili ya mwaka jana, jamani

Wadogo zangu, jana nimesoma rasimu zenu tatu na zote zina maneno yaleyale, "kama mwaka jana, ongeza asilimia 5". Bajeti ya sifuri maana yake kila kazi inaombewa hela upya kuanzia sifuri, sasa sifuri iko wapi hapo? Nawapenda ndo maana nimekasirika.

1. Faili la mwaka jana lifungeni kwanza. Peter Pyhrr alipoianzisha hii njia pale kampuni ya Texas Instruments, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1960, alitaka kila shughuli ijieleze upya, hata iwe na miaka 20. Ulizeni, tukiacha hii kazi nani ataumia?

2. Kila pakeji, yaani ombi la hela la shughuli moja na maelezo yake, iwe na viwango: cha chini kabisa, cha sasa, cha nyongeza. Hapa ndo niliumia mimi. Mwaka wangu wa kwanza nilipewa matengenezo ya jenereta, nikaandika pakeji moja tu, hela yote kwa mkupuo, na kwenye maelezo nikaweka "huduma muhimu" basi. Fundi mkuu, mzee wa watu, alikuja mezani kwangu mara mbili na daftari lake la saa za mashine, nikamwambia mzee nina dedilaini, acha hapo ntasoma. Sikusoma. Kamati ikapanga vipaumbele, hela zikaishia juu ya pakeji yangu kwenye orodha, na kwa kuwa haikuwa na kiwango cha chini cha kuokoa hata oili na filta, ikaanguka yote. Mwezi wa nne jenereta kubwa likafa, tukaitisha matengenezo ya dharura kwa hela nyingi kuliko niliyoomba mwanzo. Yule mzee hakunilaumu, alinifungulia tu daftari ukurasa uleule, saa za sevisi zilikuwa zimepita zamani. Mpaka leo nikiona pakeji ya kiwango kimoja roho inaniuma.

3. Msikatekate kazi vipande vidogo mno. Jimmy Carter akiwa gavana wa Georgia aliletewa pakeji kama 10,000, nani asome zote hizo? Alipokuwa rais wa Marekani akaipeleka njia hii serikali kuu 1977, rais aliyemfuata, Reagan, akaifuta 1981, makaratasi yalikuwa yamewashinda watu.

4. Madeni na mikataba iliyosainiwa iwekeni pembeni, hayo hayashindanishwi.

Rasimu nazirudisha leo. Kesho asubuhi kabla ya kufungua eksel, nendeni kwa mafundi mkakae nao, daftari zao mzisome.