Unataka kujifunza Kisakha? Anza na kibodi

Watu wakisikia najifunza Kisakha huniuliza maswali mawili: kinazungumzwa wapi, na kina faida gani. La pili nimeacha kulijibu. La kwanza ni jepesi. Ni lugha ya Wasakha, ambao Warusi na vitabu vingi vya jiografia huwaita Wayakut. Wanaishi mashariki ya Siberia, katika Jamhuri ya Sakha, au Yakutia, iliyo ndani ya Urusi, yenye ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba milioni 3 na wakazi kama milioni moja tu. Sensa ya Urusi ya 2010 ilihesabu wasemaji wa lugha hiyo kama 450,000. Kisakha ni ndugu wa mbali wa Kituruki. Anayejua kuhesabu bir, iki, üç hatashangaa akisikia биир, икки, үс.

Mimi niliingilia mlango wa nyuma. Nilikuwa nachangia sauti za Kiswahili kwenye Common Voice, mradi wa Mozilla ambao watu hujisomea sentensi ili kompyuta zijifunze kusikia. Nikapitia orodha ya lugha nyingine, nikaikuta na hii. Nikataka kujua ni nani hao wanaokaa kwenye baridi ile wakijirekodi. Ninayoyaandika hapa ni yale niliyoona yanafaa, kwa atakayejifunza Kisakha na kwa mwenye lugha ya nyumbani anayoiona inapungua.

Kabla hujajifunza hata salamu, weka kibodi. Kisakha huandikwa kwa herufi za Kisirili, zilezile za Kirusi, pamoja na tano za nyongeza: ҕ, ҥ, ө, һ na ү. Simu yenye kibodi ya Kirusi haina herufi hizi, na watu hawaachi kuchati kwa sababu hiyo. Wanabuni. Mtoto ni оҕо, lakini utakuta mtu ameandika о5о, kwa kuwa tarakimu ya 5 inafanana kidogo na ile ҕ. Badala ya һ wanaazima h ya Kilatini. Sisi tuliokuwa tunaandika "2po" na "cjui" enzi za meseji za kuhesabiwa herufi hatuna haki ya kuwacheka, ila sisi tulikuwa tunabana salio na wao wamekosa herufi.

Kwa msomaji mwenyeji о5о haina shida yoyote. Shida ni ya kompyuta. Ukitafuta оҕо mtandaoni, zile zilizoandikwa kwa 5 hazitokei. Mashine inayojifunza lugha kwa kusoma maandishi inaona maneno mawili yasiyohusiana. Na ile һ na h, ambazo kwa macho ni pacha, kwake ni herufi mbili mbalimbali kabisa. Kwa hiyo maandishi mengi ambayo yangeisaidia lugha yanapotea mbele ya macho ya wenyewe. Windows ina kibodi ya Kisakha tayari, na za simu zipo za kupakua bila malipo. Ukiweza kumshawishi rafiki yako mmoja wa huko aiweke na yeye, umeisaidia lugha kuliko ukimtumia emoji za kumpongeza.

Jambo la pili ni viambishi. Kiswahili hupakia mizigo mbele: ni-na-ku-ambia. Kisakha hupakia nyuma. Дьиэ ni nyumba, дьиэбит ni nyumba yetu, дьиэбитигэр ni nyumbani kwetu, neno moja. Үөрэтэбин ni "ninajifunza", na "mimi" yuko mwishoni kabisa, kwenye ile -бин. Halafu irabu lazima zipatane. Kiambishi cha wingi hufuata neno lililotangulia: watoto ni оҕолор, mbwamwitu ni бөрөлөр, farasi ni аттар, maziwa ya maji ni күөллэр. Kiambishi ni kilekile kimoja, lakini kina sura 16. Usijaribu kukariri jedwali. Soma kwa sauti, maana sikio hushika upatanisho huo haraka, hasa sikio la mtu aliyekulia kwenye "kitabu kile kizuri kimepotea".

Hapo ndipo utaelewa kwa nini programu ya kusahihisha tahajia haiwezi kutegemea orodha ya maneno pekee. Neno moja lina sura nyingi mno. Programu lazima ifundishwe kanuni zenyewe, na hiyo ni kazi ya mwanaisimu na mtaalamu wa kompyuta wakikaa meza moja. Anayedhani lugha itaokolewa na mwandaaji wa programu peke yake aanzie hapa.

Kamusi zipo, tena nzuri. Kubwa ya zamani ni ya Eduard Pekarsky, mfungwa wa kisiasa aliyepelekwa uhamishoni Yakutia mwaka 1881, akajifunza lugha kwa wenyeji na kuiandikia kamusi iliyotoka kwa sehemu kati ya 1907 na 1930. Ila jihadhari na tahajia. Semyon Novgorodov, Msakha wa kwanza kuwa mwanaisimu, alitunga alfabeti mwaka 1917 akitumia alama za fonetiki za kimataifa. Mwaka 1929 ikaja ya Kilatini, na mwaka 1939 hii ya Kisirili. Gazeti la miaka ya 1920 kijana wa leo haliwezi kwa urahisi, na hata ukilipiga picha, programu ya kusoma maandishi inachanganyikiwa. Ukisikia mtu anapendekeza kubadili tahajia ya lugha ndogo "ili iwe ya kisasa", mkumbushe hasara hiyo. Novgorodov mwenyewe wanamuenzi hadi leo: tarehe 13 Februari, siku aliyozaliwa, ni siku ya lugha na maandishi katika jamhuri hiyo.

Tafsiri za mashine: Yandex, kampuni ya mtandao ya Urusi, wanayo, na Google waliongeza Kisakha Juni 2024. Mimi naitumia kusoma, siitumii kuandika. Sentensi za habari inazitoa vizuri. Ipe maongezi ya kijiweni, yenye maneno ya Kirusi yaliyochomekwa katikati, na hapo inaanza kubahatisha kwa kujiamini. Bora zaidi ni Wikipedia ya Kisakha, iliyoanza 2008 na yenye makala zaidi ya 15,000 zilizoandikwa na watu wa kujitolea. Chagua mada unayoijua tayari, nchi yako au mchezo unaoupenda, usome bila kamusi mpaka utakapokwama. Filamu pia, maana Yakutsk, mji mkuu wa jamhuri hiyo, kuna tasnia hai ya filamu za Kisakha. Ila usianze na olonkho, utenzi wao wa kishujaa ambao UNESCO iliutambua mwaka 2005. Unaweza kufika mistari 10,000 hadi 15,000 na lugha yake ni ya kale. Ni sawa na mgeni kuanza Kiswahili kwa tenzi za Lamu.

Sasa shule, na hapa sina furaha. Kisakha ni lugha rasmi ya jamhuri sambamba na Kirusi tangu sheria ya 1992. Vijijini mtoto anaweza kusoma madarasa ya mwanzo kwa lugha ya mama. Lakini mtihani wa taifa wa kumaliza shule hufanywa kwa Kirusi, na tangu 2018 sheria ya Urusi imefanya lugha za asili kuwa somo la hiari, mzazi akiomba. Mzazi wa mjini anapiga hesabu ileile anayopiga mzazi wa Dar es Salaam au Nairobi anayelipa ada ya shule ya Kiingereza. Simlaumu. Ila katuni za kwenye simu nazo nyingi ni za Kirusi, kwa hiyo mtoto anasikia Kisakha kwa bibi tu. Ndiyo maana wanaotia katuni sauti za Kisakha wananivutia kuliko wanaotengeneza programu ya kufundisha maneno kumi kwa siku. Ya pili ni ya watu kama mimi. Ya kwanza ni ya yule mtoto.

Na tusisahau kwamba kwa Wazaramo na Wapokomo, Kiswahili chetu ndicho kinachokaa kiti cha Kirusi. Ukiwa na bibi anayejua lugha ambayo wewe huijui, simu uliyoshika inatosha kumrekodi. Andika jina la mahali na mwaka, mwombe ruhusa, na hifadhi nakala zaidi ya moja.

La mwisho ni la kupata mtu wa kuongea naye. Mpate, kwa kuwa hakuna kifaa kitakachokusahihisha ile ө. Lugha ya kuelewana mwanzoni itakuwa Kirusi, kwa hiyo Kirusi cha kuombea maji unakihitaji. Saa hazisumbui: Yakutsk wako mbele ya Afrika Mashariki kwa saa sita, kwa hiyo saa yetu ya Kiswahili inasomeka sawasawa na ya kwao. Akikwambia mkutane saa 5 jioni yake, wewe fungua simu saa tano asubuhi.