Nota kwa mpiga ngoma
Ndugu uliyeuliza kama kijana wako, mpiga ngoma hodari asiyejua nota (alama za kuandika muziki), ataweza masomo ya muziki hapa Bagamoyo, usimzuie. Chuo cha Sanaa kilichoanzishwa mwaka 1981, ambacho leo ni TaSUBa (Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo), kinathamini sana ngoma za asili, na mji huu ndio alioishi marehemu Hukwe Zawose, fundi wa zeze na ilimba, ala ya vibamba vya chuma inayopigwa kwa vidole gumba. Hata hivyo nadharia asiikwepe, hasa akitaka kufundisha: mwalimu anayeandika mdundo wa 6/8 (mapigo sita katika kila kipimo) ubaoni, kisha akaonyesha kwa makofi jinsi mapigo yaleyale sita yanavyogawanyika mawilimawili au matatumatatu, humfungua mwanafunzi sikio mapema kuliko anayesema tu “fuata mkono wangu”. Kwa sasa aanze na do-re-mi, aimbe kila siku.