Uliza picha ilipigwa saa ngapi

Wifi yangu alikuja kutoka Dodoma na picha moja kwenye simu: ule mgahawa wa Michamvi Pingwe, pwani ya mashariki ya Unguja, uliokaa juu ya jabali, maji ya buluu yameuzunguka pande zote, mashua inavusha wageni. Watoto walishaahidiwa kuvushwa. Tukatoka mjini na gari ya kukodi, saa nne asubuhi tumefika. Jabali lipo, mgahawa upo, bahari hakuna. Mchanga mtupu, vidimbwi, majani, na mashua zimelala ubavu. Tulikwenda mpaka chini ya ngazi kwa miguu yetu, kandambili mkononi.

"Wifi, bahari imekwenda wapi?"

Nikacheka, kisha nikaona haya, maana kosa lilikuwa langu. Mie mtoto wa Unguja, kalenda ya mwezi mwandamo imetundikwa jikoni kwangu, na siku ile ilikuwa tarehe 15. Bamvua.

Kwa asiyejua: mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hujaa sana na hukupwa sana. Kwetu siku hizo hukupwa mnamo saa nne asubuhi, yakajaa mnamo saa kumi alasiri, na kila siku inayofuata saa zinasogea mbele kama dakika 50. Pwani ya mashariki, yaani Paje, Bwejuu, Jambiani, mwamba uko mbali na ndani yake kina ni kifupi, kwa hiyo maji yakitoka yametoka kweli. Utatembea mpaka uchoke na magoti hayajalowa. Siku za maji mafu, kwenye tarehe 7 au 22 za mwandamo, tofauti si kubwa hivyo. Anayetaka kuogelea kutwa nzima bila kuhesabu saa namwambia aende Kendwa au Nungwi, huko kina kinaanza karibu.

Picha za mashariki unazoziona mtandaoni, nyingi zimepigwa maji yamejaa. Si za uongo. Hazisemi saa tu.

Wifi akanuna, akakaa kivulini. Waliofaidi ni watoto. Bamvua ndiyo siku za kazi kwa wanawake wa pwani ile. Wanaolima mwani wanakwenda kwenye kamba zao, wengine wanachokoa pweza. Bibi mmoja mwenye ndoo na chuma kirefu akawaonesha watoto namna ya kulijua tundu la pweza: tazama makombe yaliyotupwa mlangoni, ndiyo mabaki ya chakula chake. Mdogo wao, wa miaka saba, akagundua tundu mwenyewe. Bibi akaingiza chuma, akasubiri, akavuta. Mtoto alipiga kelele mpaka mama yake akainuka kule kivulini.

Mjini tukarudia kosa lile lile kwa namna nyingine. Mkubwa wao alikuwa na picha ya Beit al-Ajaib ikiwa nzima, na mnara wake wa saa, akataka kupiga ya kwake palepale. Jumba lile lililojengwa 1883, enzi za Sayyid Barghash, liliporomoka upande mmoja na mnara wake tarehe 25 Desemba 2020. Sisi tulikuta uzio wa mabati. Picha ina saa kubwa kabisa katikati, na bado haikumwambia ni ya lini! Tukavuka tu hapo mbele, Forodhani, tukala mishikaki. (Uliza bei kabla hujanyoosha mkono. Mimi mwenyeji nimeshaumia hapo.)

Siku hizi mtu akiniambia anakuja, namwambia asitazame picha za tangazo. Apige simu anakofikia, aombe picha ya asubuhi ileile, kutoka dirisha la chumba chake, na aambiwe ilipigwa saa ngapi. Wenye nyumba waungwana hutuma papo hapo. Niliwahi kuomba mimi, kwa safari yangu mwenyewe, nikajibiwa kwamba mpiga picha yuko safarini. Sikulipa. Mwezi wa Aprili uliza na mvua pia, masika haimo kwenye tangazo lolote.

Pemba ni kinyume chake. Picha ni chache, na nilipoolewa Wete nilidhani nakwenda pakavu. Msimu wa karafuu, njiani, majamvi yameanikwa mbele ya nyumba moja baada ya nyingine, dereva anapunguza mwendo asiyakanyage. Vilima navyo sikuwahi kuvitarajia, mie wa Unguja niliyezoea tambarare. Sikuwa na picha ya kulinganisha, basi sikudaiwa kitu.

Turudi Pingwe. Tulingoja mpaka saa kumi. Maji yakaja, jabali likazungukwa, mashua zikasimama. Wifi akapiga picha yake, akaweka mtandaoni hiyo hiyo moja. Bibi wa pweza hayumo. Juzi shoga yake wa Dodoma amenipigia, ameiona, anataka kuja na watoto. Nikamwambia asubiri kidogo, nakwenda jikoni kutazama kalenda.