Mkono mfupi usikutishe, angalia miguu

Mkuu, umeuliza kama mlinzi wa pembeni (yule wa mwisho wa safu inayomkinga mpiga pasi kwenye futiboli ya Marekani) ambaye mkono wake haufiki inchi 34 ashushwe kwenye drafti ya NFL, yaani zamu ya timu kuchagua wachezaji wapya, au ahamishiwe nafasi za ndani ya safu. Mimi nasema usimhamishe kabla hujaangalia miguu yake.

Chukua Rashawn Slater, mlinzi wa pembeni aliyetoka Chuo Kikuu cha Northwestern. Mkono ulipimwa inchi 33, na mwaka 2021 wengi wakasema huyo nafasi yake ni ndani. Msimu wa 2020 hakucheza kwa sababu ya korona, kwa hiyo ushahidi mkubwa ulikuwa video za 2019, hasa mechi na Chuo Kikuu cha Ohio State alipokutana na Chase Young, mkimbizaji wao hatari wa kumvamia mpiga pasi. Itafute. Mtazame anavyorudi nyuma kwa hatua fupi, magoti yamekunjwa, bila kukurupuka kurusha mikono. Mkono mrefu unakupa nafasi ya kukosea kisha ukajirekebisha. Mwenye miguu ya namna ile hakosei mara nyingi. Timu ya Chargers ilimchukua nambari 13 kwenye drafti, ikamwacha pembeni kushoto, na msimu wa kwanza tu akateuliwa Pro Bowl, mechi ya nyota wa ligi.

Huyo kijana wako, ukiangalia video zake usifuate mpira. Mkazie macho yeye, hasa anaposukumwa kifuani: je, nyonga zinashuka na visigino vinashika nyasi, au anaburuzwa hadi miguuni kwa kwotabeki, yule mpiga pasi anayemlinda? Idadi ya vyuma anavyonyanyua mimi naipa uzito mdogo sana.