Maswali ya Wasomaji: Nikihamia Linux, gemu zangu zitakubali?

Swali: Kompyuta yangu ni ya Windows 10, na tangu Microsoft waache kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025 sina amani nayo. Windows 11 inaikataa. Rafiki ananishawishi nihamie Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta, lakini mimi ni mtu wa gemu. Nacheza Stardew Valley, The Witcher 3 na Counter-Strike 2, na usiku naingia EA Sports FC au Valorant na wenzangu. Nihame?

Jibu: Ndugu yangu, umefanya la maana kunitajia gemu kwa majina. Wengi huuliza tu kama Linux inacheza gemu, na swali hilo halijibiki. Kila gemu ina kesi yake.

Stardew Valley na Counter-Strike 2 zina matoleo yake ya Linux, kwa hiyo hizo usizihangaikie. The Witcher 3 ni ya Windows, ila inacheza vizuri kupitia Proton, programu ya kuchezea gemu za Windows kwenye Linux, ambayo kampuni ya Valve waliiweka ndani ya Steam, duka lao la gemu, Agosti 2018. Proton imejengwa juu ya Wine, mradi wa kuendesha programu za Windows kwenye Linux ulioanza mwaka 1993, na ndani yake kuna kifaa kiitwacho DXVK. Gemu ya Windows huiagiza kadi ya michoro kwa Direct3D, lugha ya michoro ya Microsoft. DXVK inazidaka amri hizo na kuzigeuza ziwe za Vulkan, lugha nyingine ya michoro, ambazo draiva za Linux zinazielewa. Hakuna Windows nzima inayoigizwa humo, ndiyo maana kasi haipotei sana. Aliyeianzisha DXVK, Philip Rebohle, alikuwa anataka kucheza Nier: Automata kwenye Linux. Watu wa namna hii nawaheshimu sana: alilolitafuta kwa raha yake limetufaa wote.

Sasa EA Sports FC na Valorant. Hizi hazitacheza, na nakusihi usikeshe ukitafuta ujanja. Tatizo si michoro. Zote mbili zina programu ya kuzuia udanganyifu inayokaa kwenye keneli ya Windows, yaani kiini cha mfumo, na Linux ina keneli yake nyingine kabisa, kwa hiyo Proton haina la kufanya. Programu nyingine za kazi hiyo, kama Easy Anti-Cheat na BattlEye, zinaweza kwenda na Proton tangu 2021, lakini mpaka wenye gemu waruhusu. Wako walioruhusu, wako waliogoma, na wako walioruhusu kisha wakabadili nia: Apex Legends ilichezwa kwenye Linux hadi mwishoni mwa 2024, ikafungwa. Hilo linaniuma hadi leo, kwa sababu aliyekuwa akicheza kwa haki alitolewa pamoja na mdanganyifu.

Kama zile mechi za usiku ndizo raha yako kubwa, usiifute Windows. Weka Linux kwenye diski ya pili, uwe unachagua unapowasha mashine. Windows 10 iachie gemu hizo mbili tu. Barua pepe, benki na mambo yako mengine yote yahamie Linux. Na kabla ya kununua gemu mpya, pitia ProtonDB, ambako wachezaji wenyewe hueleza gemu ilivyokwenda kwenye mashine zao. Soma ripoti za karibuni, hasa za wenye kadi kama yako. Ya miaka mitatu iliyopita haikusaidii.

Swali: Nimeweka Linux Mint, aina mojawapo ya Linux, pembeni ya Windows. Gemu zangu zote ziko diski D. Steam ya Linux inaziona, lakini nikibonyeza kucheza, kitufe kinabadilika kidogo kisha kinarudi kilivyokuwa. Hakuna hata ujumbe wa kosa. Sitaki kuzipakua upya, bando litaniishia.

Jibu: Dada, gemu zako ni nzima. Kinachogomba ni diski D, kwa kuwa imeumbizwa kwa NTFS, mtindo wa Windows.

Kila gemu inayopitia Proton hutengenezewa folda yake chini ya steamapps/compatdata, na humo huwekwa diski C: ya kuigiza ili gemu iamini kwamba iko Windows. Ukiifungua folda hiyo, ukaingia pfx kisha dosdevices, unatakiwa ukute viungo, yaani njia za mkato za kuelekea folda nyingine, vyenye majina c: na z:. Windows hairuhusu nukta pacha kwenye jina la faili. Kwa hiyo juu ya NTFS, ama Proton inashindwa kuviunda viungo hivyo, ama inaviunda na siku ukirudi Windows ukaguzi wa diski unaviona kama uharibifu. Zaidi ya hapo, Windows iliyozimwa huku Fast Startup (mpangilio wa kuwaka haraka) imewashwa haijazimika kikamilifu, na Linux huweza kuifungua diski yake kwa kusoma tu. Proton isipoweza kuandika, gemu inajifia kimya kama ulivyoeleza.

Tenga sehemu ya diski, iumbize kwa ext4, mtindo wa Linux, kisha iongeze kwenye mipangilio ya Steam, upande wa hifadhi. Nakili folda ya gemu kutoka steamapps/common ya diski D iende steamapps/common ya sehemu mpya, bila kubadili hata herufi moja ya jina, maana ext4 hutofautisha herufi kubwa na ndogo. Halafu bonyeza kuinstoli. Steam itakagua faili ilizozikuta na kupakua zilizopungua tu. Angalizo: gemu yenye toleo la Linux itataka kupakua toleo hilo, kwa hiyo ichagulie Proton kwanza kwenye sifa zake ili faili zako za Windows zitumike.

Hatua ulizofikia kwenye gemu nyingi zitarudi zenyewe kutoka seva za Steam. Zisizorudi, zichukue kwenye folda zako za Windows uzibandike mahali palepale chini ya pfx/drive_c/users/steamuser. Fanya hivyo kabla hujafuta kitu upande wa pili.

Swali: Steam inaniambia inachakata sheda za Vulkan (programu ndogo za kuchorea picha za gemu) na inachukua muda. Niruke?

Jibu: Unaweza kuruka na gemu itafunguka, ila huenda ikawa inakwama-kwama kila kinapotokea kitu kipya kwenye skrini. Mimi husubiri.

Swali: Mwanangu anatumia laptopu ya zamani yenye prosesa ya Intel Core ya kizazi cha nne na michoro yake ya ndani. Gemu zinakataa, na fundi anasema Linux haifai.

Jibu: Mzazi mwenzangu, fundi amesingizia Linux. Fungua terminali, dirisha la kuandikia amri, uandike vulkaninfo --summary, kisha utazame mstari wa apiVersion. Kuanzia toleo la 8, Proton inahitaji Vulkan 1.3, na michoro hiyo ya Intel haina Vulkan iliyokamilika. Ingia kwenye sifa za gemu, kwenye nafasi ya amri za kuanzishia, uandike PROTON_USE_WINED3D=1 %command%. Hapo Proton itaachana na Vulkan na kutumia OpenGL, lugha ya michoro ya zamani zaidi, ambayo laptopu hiyo inaiweza. Gemu za zamani za Direct3D 9 mara nyingi zinakubali kwa njia hii, ingawa taratibu. Za Direct3D 12 zisahau. Kwa umri wa mashine hiyo ningemwanzia mtoto na zenye toleo la Linux zisizo nzito: Stardew Valley, Terraria, au SuperTuxKart ambayo ni ya bure na inapatikana kwenye hazina ya programu ya karibu kila Linux.