Binti akitaka kuzungusha kijiti, aanze na miguu

Wazazi wenzangu tuliohamia Marekani, watoto wetu wakishaona majoreti, wale wasichana wanaozungusha kijiti chenye mpira kila ncha, wakitangulia bendi ya shule, swali la kwanza huwa kijiti: kinauzwa wapi, bei gani? Mimi huwaambia waanze na miguu. Nimekaa pembeni mwa mazoezi ya binti yangu kwa miaka, kisha nikaingia kuwasaidia wadogo, na nimeona kwamba mtoto anayetembea ndani ya mdundo hukizoea kijiti mapema kuliko mwenye vidole vyepesi asiyejua kupiga hatua.

Asili ya mchezo wenyewe ni kwata. Bendi za majeshi ya Ulaya zilitanguliwa na askari mwenye fimbo ndefu yenye kichwa cha chuma. Mpaka leo utamwona Nairobi au Dar es Salaam kwenye gwaride la sikukuu ya taifa. Ngoma zikinguruma, sauti ya mtu haisikiki, hivyo fimbo ndiyo inayotoa amri: anza, geuka, simama. Bendi nzima inafuata hatua za aliyeishika. Huku Marekani fimbo ilifupishwa ikawa nyepesi, na kufikia miaka ya 1930 wasichana walikuwa wakitangulia bendi za shule na vyuo kwa buti na kofia ndefu za kijeshi. Mwaka 1945 Don Sartell akaanzisha chama cha taifa cha mchezo huu, na mwaka 1980 mashindano ya kwanza ya dunia yakafanyika Seattle. Siku hizi kijiti hurushwa juu, mchezaji akazunguka mara kadhaa chini yake kabla ya kukidaka.

Lakini kisa kinachonigusa zaidi ni cha Jackson State, chuo kikuu cha Wamarekani Weusi huko Mississippi. Mwaka 1970 majoreti wake, wakiongozwa na Shirley Middleton, waliomba waviweke vijiti chini, wacheze dansi tu. Wakakubaliwa. Kundi lao, J-Settes, likawa mfano kwa wasichana wengi wa vyuo vya Weusi. Waliweza kuviacha vijiti kwa sababu mwendo walikuwa nao tayari!

Kwa hiyo wiki za mwanzo fungulia muziki nyumbani, mtoto atembee: goti juu, mgongo wima, mguu wa kushoto utue kwenye pigo la kwanza. Akishatulia, mpime kutoka kwapani hadi ncha ya kidole cha kati, na urefu huo ndio wa kijiti chake. Tafadhali usimnunulie kirefu ili akue nacho kama tunavyofanya na sare za shule. Kitamgonga mkono kila kinapozunguka, naye atakichukia. Kidole gumba kielekee upande wenye mpira mkubwa. Mkono wa kushoto ufundishwe siku ileile na wa kulia. Kurusha kusubiri mpaka aweze kuzungusha bila kutazama mkono, na afanyie nje, kwenye nyasi. Nguo za kumetameta hazina haraka.

Ukitafuta kikundi, omba kutazama mazoezi kabla hujalipa. Ukiona watoto wote wana vijiti mkononi tangu wanaingia na hakuna mwalimu anayewahesabia hatua, tafuta kwingine.