Kwa unayeanza kutibu donda ndugu kwa mwanga

Siku nilipokabidhiwa kifaa cha leza nilijiona nimepewa dawa. Mzee mmoja alikuwa na kidonda juu ya kifundo cha mguu kwa zaidi ya mwaka. Nilimmulika mara tatu kwa wiki, kwa bidii na kwa imani. Wiki ya tano kidonda kilikuwa kimepanuka. Muuguzi mzoefu akaweka vidole viwili juu ya mguu, pale ateri inapopita, akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Hapa hapapigi." Wiki tano nzima nilikuwa namulika mguu wenye njaa ya damu, na sikuwa nimeupapasa hata mara moja.

Kwa hiyo nakusihi, kabla hujawasha chochote, jua kidonda kimeletwa na nini. Vingi vya mguuni, hasa vya upande wa ndani juu ya kifundo, hutokana na vena zilizoshindwa kupandisha damu. Tiba yake kuu ni bandeji za kubana, zinazofikia mgandamizo wa milimita 40 hivi za zebaki kwenye kifundo. Mwanga hapo ni msaidizi. Lakini usibane kabla ya kulinganisha presha ya kifundo na ya mkono: uwiano (ya kifundo ukigawa kwa ya mkono) ukiwa chini ya 0.8, mtaalamu wa mishipa amwone kwanza. Chini ya 0.5, usibane kabisa. Kwa mwenye kisukari usiiamini namba hiyo peke yake, maana ateri zilizokakamaa huipandisha kwa uongo. Na akiwa amepoteza hisia kwenye unyayo, kazi ya kwanza ni kukiondolea kidonda uzito wa mwili.

Sasa mwanga wenyewe. Miaka ya 1960, daktari Endre Mester wa Budapest, Hungaria, aliona manyoya ya panya walionyolewa yakiota upesi alipowamulika kwa leza hafifu, na baadaye akaijaribu kwenye vidonda vya watu. Leo tunatumia zaidi mwanga mwekundu, nanomita 630 hadi 660, au infraredi ya nanomita 800 na kitu, inayozama ndani zaidi. Haiunguzi. Inadhaniwa huichochea mitokondria ya seli kutengeneza nishati.

Wanaoanza hukosea zaidi kwenye dozi. Miliwati 100 kwa sekunde 40 ni jouli 4. Ukizielekeza kwenye sentimita 1 ya mraba, dozi ni jouli 4 kwa sentimita hiyo; ukizitandaza kwenye sentimita 4 za mraba, kila moja imepata jouli 1 tu. Ukizidisha, mwanga uleule huweza kuzizubaisha seli badala ya kuziamsha. Kwa hiyo kuandika kwenye faili "leza dakika tano" ni sawa na kutoandika kitu. Andika urefu wa wimbi, nguvu, muda na eneo.

Safisha utandu na mafuta yote kabla ya kumulika, kwani mwanga hauvuki uchafu. Wewe na mgonjwa mvae miwani inayolingana na wimbi la kifaa. Infraredi haionekani, kwa hiyo jicho halitapepesa kujikinga. Na kidonda cha miaka chenye kingo zilizonyanyuka kama ukuta usikimulike mpaka kikatwe kinyama kupimwa saratani.

Mwambie mgonjwa ukweli: tafiti nyingi ni ndogo, zimetumia dozi tofauti tofauti, na kwa vidonda vya vena haijathibitika kwamba leza huponya kuliko bandeji nzuri peke yake. Mimi bado naitumia, lakini siichukui nafasi ya bandeji kuipa leza.

Kila wiki weka karatasi ya plastiki angavu juu ya kidonda, uchore ukingo wake kwa kalamu, uandike tarehe. Michoro minne ikipandana bila tofauti, zima taa urudi kwenye mpigo na bandeji. Kikianza kupona, utaona ukingoni utepe mwembamba wa waridi, unaong'aa kidogo, ukiingia ndani. Hiyo ni ngozi ya siku chache. Imiminie maji ya chumvi ya vuguvugu, usiisugue kwa pamba.